Mjumbe wa Mfalme Hajaketi

Mlionitumia salamu za kunilaani tangu wiki jana, nimezipata, asanteni. Ni kweli niliwaacha pabaya: Habuki Gorota kapiga magoti kwenye tope la kivukoni, na mjumbe wa Mfalme anafunua pazia la gari lake la ng'ombe, anasema neno moja tu: "Geuzeni." Haya, leo mtajua wanageuza kwenda wapi. Mkishajua mtatamani msingejua.

"Geuzeni ng'ombe," alirudia Bwana Omuro, mjumbe. "Mashariki hatwendi. Leo mashariki kumefungwa."

Gorota alisimama, tope likimchuruzika magotini. "Kumefungwa na nani, Bwana? Ile njia yote ni yetu mpaka ngomeni. Nimeipita jana, sikukutana hata na kuku."

"Kumefungwa na mungu wa pande za dunia."

Kando ya gari alitembea mnajimu wa mjumbe, mtu mwembamba mwenye kofia nyeusi ndefu. Alitikisa kichwa kukubali. "Ametua mashariki tangu juzi. Anayemwendea uso kwa uso atakiona cha moto, hata awe ametumwa na Mfalme."

"Hawezi kuombwa asogee kidogo?"

"Gorota," alisema mjumbe.

"Nauliza tu, Bwana."

Kwa ninyi mliojiunga leo, ngojeni niwape habari kwa mkato. Ndani ya gari lile kulikuwa na sanduku lililofungwa kamba ya zambarau, na ndani ya sanduku amri ya Mfalme: kwamba Isurugi Norikata, bwana wa Gorota, awe Jemadari Mkuu wa nchi nzima. Babu yake Norikata alikuwa mlinzi wa mashamba ya wakubwa, kazi yake kufukuza nguruwe mwitu kwenye mpunga. Baba yake alifukuza wezi. Norikata mwenyewe amefukuza kila mtu. Sasa wakubwa wale wale wa mji mkuu, waliozoea kuwaita watu wa Isurugi mbwa wa mashariki, wamemletea mbwa nchi ndani ya sanduku.

Amri ilitakiwa ipokelewe kesho. Kesho ndiyo siku njema, nyingine haikuwapo karibu, na huko mji mkuu watu hugeuza mawazo upesi kuliko ng'ombe hawa wanavyogeuza gari.

"Dawa ipo," alisema mnajimu. "Tuzunguke kusini, tulale huko. Kesho tukitokea kusini, ngome yenu itakuwa kaskazini yetu. Kaskazini hakuna mungu."

"Kumbe mungu anadanganywa kirahisi hivyo?"

"Hadanganywi. Anazungukwa kwa heshima."

"Na tutalala kwa nani?"

Mnajimu alitazama mawingu. Alijibu Bwana Omuro, kutoka nyuma ya upepeo wake. "Nyumba yenye hadhi upande huo ni moja tu. Nyumba ya Nagura Tsunetada."

Gorota alikuwa mtu wa maneno. Jeshi zima la Isurugi lilimjua kwa mdomo wake. Vitani aliwatukana maadui mpaka wengine wakasahau kutupa mshale kwa kutaka kusikia mwisho wa tusi. Lakini kwa jina lile alinyamaza, na mkono ukamtoka kwenye mpini wa upanga.

Nagura Tsunetada alikuwa bwana wa mwisho ambaye hajampigia Norikata magoti. Vuli iliyopita walikuwa wamechoka kuuana, wakapatana, na kila upande ukatoa mateka. Norikata alitakiwa atoe mama yake. Mama yake alikwisha kufa, basi akamtoa mama wa Gorota. Mama Tsuya ndiye aliyemnyonyesha Norikata ziwa hili na Gorota ziwa lile, na kwa watu wale ndugu wa kunyonya ni wa kufa na kuzikana. Nagura aliridhika kabisa. Asiyeridhika alikuwa Mama Tsuya, ila yeye hakuulizwa.

Sasa fikirini wenyewe. Norikata akishakuwa Jemadari Mkuu, atamtaka Nagura apige magoti, mapatano yatakuwa yamekwisha, na mapatano yakiisha mateka hukatwa kichwa. Gorota alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana kabla ya kuondoka ngomeni alimshika Norikata mkono. "Nikuletee mjumbe, wewe unirudishie mama kabla hujatangazwa?" Na Norikata akamwambia, "Ndugu yangu, mlete mjumbe tu. Mama yetu niachie mimi."

Mama yetu. Gorota alilala usingizi mzuri usiku ule.

"Bwana," alisema sasa, sauti imeshuka, "kule kwa Nagura tukiingia na sanduku hilo, kutoka itakuwa kazi."

"Nani atathubutu kumgusa mjumbe wa Mfalme?"

"Wewe hawatakugusa. Yuko mtu mwingine pale."

Pazia liliteremka. Ng'ombe wakageuzwa.

*

Nagura Tsunetada aliwapokea langoni mwenyewe. Alikuwa mnene, mpole wa macho, na kipanga wa kuwindia ametua mkononi mwake.

"Mjumbe wa Mfalme nyumbani kwangu," alisema, akainama hadi kipanga akapiga mabawa. "Karibuni, karibuni. Na Gorota pia? Gorota, mama yako ni mzima. Ni mzima mno."

"Anakula?"

"Anakula? Uliza kama mimi nakula. Amewafukuza wapishi wangu. Anasema figili zao za chumvi ni za kulishia farasi. Kaingia jikoni mwenyewe, na tangu hapo kila asubuhi naambiwa nimenenepa, kila jioni naambiwa sijashiba. Lau si mapatano ningekupa umchukue leo hii, na zawadi juu."

Gorota alitaka kucheka, ila alikumbuka kwamba anayezungumza naye ndiye atakayetoa amri ya kumkata mama yake. Akacheka nusu.

Waliingia uani. Palikuwa na bwawa dogo, na samaki wawili wekundu wakielea kando, matumbo juu. Gorota aliwaona, akawaza kwamba mtu asiyeweza kutunza samaki hafai kutunza nchi. Hakuwaza zaidi ya hapo, na mimi ningekuwa ninyi ningewakumbuka samaki wale.

Bwana Omuro aliteremka garini, sanduku kifuani. Alivua kiatu kimoja, akaweka mguu kwenye jiwe la kupandia barazani. Na hapo barazani mlango ukateleza, akatoka Mama Tsuya.

Alikuwa mfupi, nywele nyeupe kazifunga kwa kitambaa cha jikoni, mikono imelowa maji. Hakumtazama mjumbe. Alimtazama mwanawe kuanzia kichwani hadi kwenye tope la magotini.

"Hiyo kola kakushonea nani?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Inaonekana. Umekonda."

"Mama, huyu hapa ni mjumbe wa Mfalme."

"Namwona. Kasimama kwa mguu mmoja, mwambie ashushe wa pili, ataanguka." Kisha akamgeukia Nagura. "Na wewe, nilikwambia usimlishe yule ndege..."

Hakumaliza. Alijishika kifua. Alizunguka kidogo, kama anayetafuta mahali pa kukaa, akaanguka chali barazani, amelala mlangoni kutoka mwimo hadi mwimo, macho wazi yakitazama dari.

Hakuna aliyesogea. Kipanga peke yake ndiye aliyelia.

Gorota aliruka juu ya jiwe, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kabisa. Alimwita mara nyingi, akamtikisa bega. Mwanamke ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumwacha mtu amalize sentensi sasa alimwacha mwanawe aite mpaka sauti ikamkauka. Gorota alilia. Alilia kwa sauti mbele ya adui zake na hakujali, kwa sababu mama ndiye mtu pekee aliyemfanya aone haya, na sasa hayupo wa kumwonea haya.

"Amekufa," alisema mnajimu, akiwa mbali, nyuma ya gari.

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo lilipozuka jambo ambalo lingezuka nchi ile tu. Mjumbe wa Mfalme, mguu mmoja kwenye jiwe na mmoja hewani, alipiga kelele:

"Nimeketi? Mnajimu, mimi nimeketi?"

"Hujaketi, Bwana. Usiketi. Usishushe mguu huo."

"Nimegusa chochote?"

"Jiwe tu. Jiwe halina neno. Rudi nyuma polepole."

Mtu akifa nyumbani, wote walioketi chini ya paa lile wamenajisika, na dawa yake ni moja: siku thelathini hakuna kutoka, hakuna kwenda kwa mkubwa wala kwa mungu. Aliyesimama amepona. Aliyeketi na maiti, au aliyemshika, amekwisha. Watu wa mji mkuu waliweza kuuza ardhi ya ndugu zao bila kupepesa jicho, lakini hilo la maiti hawakuwa na mchezo nalo.

Bwana Omuro alirudi garini kinyumenyume, kiatu kimoja kikibaki kwenye jiwe. Hakuna aliyethubutu kumrudishia.

Nagura alikaa kitako palepale barazani. Kukaa kwenyewe kulikuwa kumemmaliza, lakini nyumba ni yake, angekimbilia wapi. Machozi yalimtoka. "Gorota, nakuapia kwa mababu zangu. Sikumgusa. Nani angemgusa? Mimi mwenyewe nilikuwa namwogopa."

"Utajieleza kwa Norikata," Gorota alisema. "Akikuacha na mdomo."

"Sikumgusa, Gorota. Nilikuwa nimeanza kumwita mama."

Gorota hakumsikiliza. Alichukua mkeka wa mabua, akamfunika mama yake kichwa hadi miguu, akamfunga mgongoni kwa mkanda wake, kama yeye mama alivyomfunga zamani akienda shambani. Mateka hai ni wa mwenyeji. Mateka maiti ni wa mwanawe, na hakuna mlinzi aliyetaka kubishana na mkeka ule. Walimpisha wakijibana ukutani.

Lango likafungwa nyuma yake. Likasikika komeo, na mtu akatundika ubao wa mwiko: hapa pana kifo, msiingie, hatutoki.

*

Gari la mjumbe lilikuwa mbele, likikimbia kadiri ng'ombe anavyoweza kukimbia, kuelekea hekalu dogo la watawa lililokuwa njia hiyo ya kusini. Mnajimu alimwashiria Gorota abaki nyuma, mbali, upande usiovuma upepo. Gorota alitii. Alitembea peke yake na mzigo wake kati ya mianzi, akilia mpaka mabega yanatikisika.

Kitu kikamfinya ubavuni.

Alidhani ni mkanda. Kikamfinya tena, kwa kucha.

"Acha kulia," ilisema sauti kwenye shingo yake. "Unanitikisa."

Gorota alisimama.

"Na usisimame. Yule mwenye kofia anageuka kila mara. Tembea."

Alitembea. "Mama?"

"Ulitaka nani?"

"Mkono wako ulikuwa baridi."

"Nimeuloweka kwenye maji ya kisima tangu waliposema gari limefika. Umeniita vizuri pale. Sikujua una mapenzi hivyo. Ningekufa mapema."

Gorota alicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo si rahisi ukiwa na mtu mgongoni. "Kwa nini, mama? Ungeniua mimi."

"Kwa sababu kuna mtu alitaka nife kweli." Sauti ya Mama Tsuya ilikuwa imebadilika, mzaha umemwisha. "Miezi yote hii kwenye nyumba ile hakuna aliyeniletea hata maji ya kunawa. Najipikia, nawapikia. Leo asubuhi anakuja mtumishi mgeni, ameajiriwa juzijuzi, kashika bakuli la uji wa mchele kwa mikono miwili. Ananiinamia mpaka chini. 'Kunywa, Mama, ungali moto.' Mimi nani wa kuinamiwa hivyo? Akanipa kisogo, nikaumwaga bwawani."

Samaki. Gorota aliwaona tena, wawili, matumbo juu.

"Nimemwambia mtu? Sikumwambia mtu. Nikasema, kama wanataka nife, nitakufa, ila nitachagua mwenyewe saa na mlango. Mjumbe hataketi kwenye nyumba yenye maiti. Nagura atajifungia mwezi mzima, hatatuma mtu kukufuata. Na mimi nitatoka nimebebwa. Miguu yenyewe inaniuma."

"Nitamkata Nagura," Gorota alisema. "Naapa. Yule mnafiki analia machozi..."

"Sijui kama ni Nagura."

"Nani mwingine?"

"Sijui, mwanangu. Ila Nagura akitaka kuchinja kuku anamwomba kuku radhi kwanza. Tembea. Na mgongo wako ni mifupa mitupu, tukifika nitakupikia."

Hakufika popote. Mianzi ya upande wa kulia ilitikisika, na wakatoka farasi.

Walikuwa wengi, wamejaa kingo zote mbili za barabara kati yake na gari la mjumbe. Bendera zilikuwa za Isurugi. Mbele yao, juu ya farasi mweusi, alikaa Isurugi Norikata mwenyewe, mrefu, uso mtulivu, jambia la dhahabu kiunoni. Mtu aendaye kumlaki mjumbe wa Mfalme huvaa kanzu nyeupe. Norikata alikuwa amevaa vazi la vita kutoka shingoni hadi vifundoni, na watu wake wote upinde mkononi.

Gorota alifurahi sana kumwona. Nataka mlijue hilo, maana nyie wengine mtamcheka baadaye. Alifurahi kama mtu aliyefika kwao. Alifungua mdomo aseme kwa siri kwamba mama yu hai, kwamba mambo ni mazuri, kwamba ndugu yake asihuzunike.

Norikata alitangulia. Alimsimamisha farasi mbali kidogo na mkeka, kama inavyompasa mtu anayetarajia cheo kesho, akainamisha kichwa.

"Pole, ndugu yangu," alisema. "Nimeona toka kule kwenye mianzi umembeba. Pole sana. Alikuwa mama yangu pia." Akapandisha sauti ili gari la mjumbe lisikie. "Nagura ataulipa uji ule kwa damu. Leo hii."

Gorota alifunga mdomo.

Nani alitaja uji? Nagura hakutaja. Mjumbe hakutaja, mnajimu hakutaja. Lango limefungwa, hakuna aliyetoka. Barazani mtu ameona kikongwe akijishika kifua, basi. Habari ya uji ilikuwa chini ya mkeka, na mkeka haujazungumza na mtu ila Gorota.

Mgongoni kwake Mama Tsuya alikuwa ameacha hata kupumua. Safari hii hakuwa anaigiza.

Gorota hakuwa mjinga, alikuwa mpenzi wa maneno tu, na watu huchanganya. Siku ya safari ilichaguliwa na nani? Na Norikata. Kila nyumba ya bwana ina kalenda ya mungu wa pande. Norikata alijua mashariki kutafungwa, alijua gari litageuka, alijua nyumba yenye hadhi ni moja. Mama anywe uji, afe chini ya paa la Nagura, mjumbe akute msiba mlangoni kama shahidi, asiketi. Mateka kauawa, mapatano yamekufa, na farasi wako tayari kwenye mianzi. Norikata angemvamia adui wake wa mwisho mchana kweupe na nchi nzima ikampongeza kwa kumlipizia kisasi mlezi wake na kumwokoa mjumbe.

Mama yetu niachie mimi, alisema.

"Mama," Gorota alinong'ona bila kutikisa midomo.

"Nimesikia. Huyu alikuwa na homa ya mapafu akiwa na miaka mitatu. Nilikaa naye kifuani siku saba. Wewe ulikuwa unalia na njaa, nikakuacha ulie. Nisogeze. Nataka kumwona."

Gorota alisogea mbele.

"Hapo panatosha," alisema Norikata.

Gorota alisogea tena. Farasi mweusi alirudi nyuma. Watu wa Isurugi walitazamana, kwani hawakuwahi kumwona bwana wao akirudi nyuma, si mbele ya mishale wala mbele ya moto.

"Gorota, simama. Unajua mwiko. Nikinajisika leo, kesho sipokei."

"Nilidhani utataka kumuaga," Gorota alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na waliomjua waliogopa. "Alikuwa mama yako pia."

"Nitamuaga siku ya mazishi. Rudi."

"Basi mtazame tu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa hulali bila kumwona."

Akageuka upande, mgongo kwa Norikata, karibu kabisa na bega la farasi. Mbele, gari la mjumbe lilikuwa limesimama, pazia limefunuliwa kidogo. Kutoka huko walichoona ni Gorota na mkeka. Walio nyuma ya Norikata waliona mgongo wa Norikata. Yeye peke yake ndiye aliyeona mkeka ukifunguka kwa juu, na mkono wa kizee ukatoka, mweupe, umekunjamana kwa maji ya kisima. Mkono ule ulikunja kidole cha shahada na kumwita, polepole, vile ulivyokuwa ukimwita zamani alipoiba maandazi ya madhabahuni na kujificha chini ya ngazi.

Isurugi Norikata, aliyewafukuza wote, alitoa sauti ambayo sitaiandika gazetini kwa kumstahi. Alivuta hatamu, farasi akainuka kwa miguu ya nyuma, na bwana akatoka juu ya tandiko na chuma chake chote. Akiwa hewani alishika cha kwanza alichokipata. Alishika nguo ya mama aliyemnyonyesha. Akaanguka nayo, Gorota naye akaenda chini kwa uzito ule, na vumbi lilipotulia Norikata alikuwa amekaa kitako barabarani, kipande cha mkeka mapajani, ngumi yake imebana mkono wa nguo ya Mama Tsuya. Na Mama Tsuya amelala palepale kando yake, macho wazi yakitazama mbingu. Hakupepesa.

Kutoka kwenye gari ikaja sauti nyembamba ya Bwana Omuro.

"Mnajimu. Yule bwana amesimama, au ameketi?"

Mnajimu alikunja shingo atazame, asisogee hata kidogo. "Toka hapa sioni vizuri, Bwana. Hata kufa kwake nilikuona toka mbali; kama mama wa watu amezimia tu, hakuna neno. Aulizwe mtoto wake. Yeye ndiye aliye karibu."

Norikata aliachia ile nguo kama imemuunguza. Alimkazia macho mwanamke aliyelala, akaona koo lake likimeza mate, na akaelewa yote kwa mara moja, maana hakuwa mjinga hata chembe. Rangi ikamrudi usoni. Alimwinamia Gorota.

"Yu hai," alinong'ona haraka. "Waambie yu hai. Mama akiwa hai, mimi sina najisi, na kesho napokea. Nitampa chochote. Nitakupa nyumba ya Nagura, mashamba yake, yote. Gorota. Ndugu yangu. Sema mama yu hai."

Fikirini mzaha wa jambo lenyewe. Asubuhi alihitaji afe. Sasa hakukuwa na mtu nchi nzima aliyemtaka kikongwe yule aishi kama alivyomtaka yeye.

Gorota alimtazama ndugu yake wa kunyonya usoni, kwa karibu, kama walivyotazamana kabla hawajajua kusema. Alimpenda mtu huyu. Angekufa kwa ajili yake mara nyingi, na nusura afe kweli. Alitafuta usoni mwake kitu kimoja, aibu tu, hata kidogo. Aliona haraka peke yake.

Alisimama, akajifuta vumbi.

"Bwana Omuro," aliita, kwa ile sauti aliyozoea kutukania majeshi. "Mama yangu amekufa. Na bwana wangu ameketi naye."

Pazia la gari likaanguka. Chini, kwenye vumbi, vidole vya baridi vilimshika Gorota kifundo cha mguu na kumfinya, taratibu.

Farasi wote walikuwa wametulia. Watu wa Isurugi, mishale tayari kwenye nyuzi, walimgeukia bwana wao wasikie anasemaje, na Norikata akainua mkono wake ulionajisika, akamnyooshea kidole Gorota.